Mwalimu, nikisema "sijui" nimekufuru?

*Maswali kwa Mwalimu. Mwalimu alifundisha baiolojia katika shule za sekondari za Nachingwea na Lindi kwa miaka mingi. Sasa amestaafu na anaishi Mikindani.*

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 27, karani wa chama cha msingi huku Tandahimba. Msimu wa korosho ukiisha natarajia kuoa, Mungu akijalia, na hapo ndipo penye tatizo langu, maana hata hilo neno "akijalia" siku hizi nikilitamka nasita.

Mwezi uliopita, baada ya maziko ya jirani yetu, mjomba aliniuliza mbele za watu kwa nini siitikii dua. Nikamjibu kwa ukweli: "Mjomba, sijui kama Mungu yupo. Sisemi hayupo. Sijui." Akaniita kafiri palepale barazani. Mama analia tangu siku ile. Nimesoma kwamba watu wa namna yangu wanaitwa waagnostiki. Mchumba wangu hajaambiwa lolote.

Naomba unijibu. Asiyejua ni sawa na anayekana? Na siku ya ndoa sheikh akiniambia nitamke shahada, nitashuhudiaje jambo nisilolijua? Shahidi si lazima awe ameona?

Karani, Tandahimba

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tatu nilitoka nayo nje kwenye mwanga, kwa sababu kuna mahali ulifuta neno ukaandika jingine juu yake. Kwanza uliandika "siamini". Ukalifuta, ukaandika "sijui". Nitaanzia hapo ulipofuta, maana mkono wako ulikwisha kuona kwamba maneno hayo mawili hayabebi mzigo mmoja.

Mjomba alikuuliza habari ya kuamini, wewe ukamjibu habari ya kujua. Yeye akadhani umemjibu swali lake, na baraza zima likadhani hivyohivyo, kumbe swali lake bado halijajibiwa. Mtu anaweza kusema, "Sijui, na ninaamini." Mwingine akasema, "Sijui, na siamini." Wote wawili hawajui, na mmoja wao utamkuta msikitini alfajiri. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani "sijui" ni kituo kilicho kati ya waumini na wakanamungu. "Sijui" inasema una ujuzi kiasi gani. Umemwamini nani, au hujamwamini, hilo ni swali jingine, na bado linakusubiri.

Neno ulilolisoma lina mwenyewe. Alilitunga Thomas Henry Huxley, mtaalamu wa baiolojia wa Uingereza, mwaka 1869. Darasani nilimtaja kila mwaka kwa jinsi alivyomtetea Darwin, ila habari ya neno hili sikuwahi kuifundisha, na najuta. Huxley alikuwa katika chama cha mijadala huko London ambamo kila mwanachama alikuwa na jina la msimamo wake, yeye hana. Mwaka 1889 aliandika kwamba alijihisi kama yule mbweha wa hadithi aliyeacha mkia wake mtegoni, kisha akasimama mbele ya wenzake wenye mikia. Ndipo akajitungia jina. Kwa Kigiriki *gnosis* ni ujuzi, na ile *a* ya mbele inakanusha. Angalia basi, mwanangu: neno zima limejengwa juu ya kujua. Kuamini hakumo ndani yake. Na mwenyewe alikataa lisigeuzwe dhehebu. Alisema ni kanuni ya kufikiri: ifuate akili mpaka pale inapoweza kukufikisha, na usidai kuwa na hakika ya jambo ambalo halijathibitishwa.

Sasa twende ghalani, mahali unapopajua kuliko mimi.

Marehemu mume wangu alikuwa mpima ubora wa korosho. Msimu ukishika moto alirudi nyumbani ncha za vidole zimebambuka na kuwa nyeusi kwa mafuta ya ganda, watoto wakakataa kushikwa mashavu. Likizo moja nilimfuata ghalani nikakaa juu ya mzani mbovu nikimtazama. Gunia limekwisha kushonwa, kilo zake 80. Analichoma ubavuni kwa bambo, kile kichomeo cha kutolea sampuli, analizungusha kidogo, analichomoa, korosho chache zinamdondokea kiganjani. Anachoma tena juu, anachoma tena chini. Kisha anaketi mezani, anazikata moja moja kwa mkasi wake, anazilaza wazi kwa safu: nyeupe, nyeupe, nyeupe, yenye ukungu, nyeupe. Anaandika kwenye daftari. Nikamuuliza, "Na zilizobaki ndani umezijuaje?" Akasema, "Zilizobaki sizijui. Nikitaka kuzijua zote nizikate zote, na nikizikata zote mkulima atauza nini?" Kisha akagonga muhuri: daraja la kwanza.

Utazame huo muhuri. Gunia zima hakulijua. Wala hakubahatisha. Alikijua kiganja kimoja, akaliamini gunia, akaweka jina lake chini ya imani hiyo, na kuna mtu mahali fulani akatoa fedha yake kwa sababu ya jina hilo. Wewe mwenyewe unafanya hivyo kila siku unapompokelea mkulima mzigo. Kujua kwetu karibu kote ni kwa bambo.

Lakini mfano huu una mwisho wake, na ningekudanganya kama nisingekuonyesha unapoishia. Lile gunia litafika kiwandani, korosho zote zitabanguliwa, na ukweli utalala mezani kila mtu auone. Habari ya Mungu haina siku ya kubanguliwa hapa duniani. Kwa hiyo simkubali anayekuambia, "Mbona unamwamini dereva wa basi, basi mwamini na Mungu." Dereva nimemwona. Basi lake jana lilifika Masasi na leo limerudi. Wanaotoa mfano huo wana nia njema, ila wanamfanya kijana mwenye akili ahisi anababaishwa.

Nisikilize katika jambo la lugha, maana mimi naona Kiswahili kimetusaidia pale ambapo mijadala ya kwenye simu inatuchanganya. Tuna "naamini kwamba" na tuna "namwamini". Hapa Mikindani yuko fundi wa mashua. Hakuna anayesema "naamini kwamba fundi yupo", tunamwona kutwa na tezo lake. Tunasema "namwamini", yaani nikimpa mbao zangu na fedha yangu nitalala usingizi. Ndani ya imani kuna amana. Mzizi ni mmoja, umetoka kwenye Kiarabu, na masikio yetu yanausikia bila kwenda shule: amini, amana, mwaminifu, imani. Halafu sisi wenyewe tumeliongezea neno hilo maana nyingine ninayoipenda sana. Mtu katili tunasema "hana imani". Hatusemi kwamba hajui aya. Tunasema moyo wake haukabidhiki.

Tofauti hii nilifundishwa na mama yangu. Mwaka 1987, tukiwa Nachingwea, nilimzika binti yangu wa miaka minne. Malaria ilimpanda kichwani usiku, na tulipofika mahali pa kutibiwa kulikuwa kumeanza kupambazuka. Siku za matanga watu waliniambia, "Yuko peponi, tunajua." Walisema kwa upendo, Mungu awalipe. Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa baiolojia mwenye umri wa miaka thelathini, nilikuwa nimeishika miguu ya mwanangu ikipoa, na kila aliyesema "tunajua" nilitaka kumkamata mkono nimuulize umejuaje. Usiku wa tatu nilibaki chumbani na mama. Ndiye aliyemwosha mjukuu wake. Alikuwa anakunja kanga. Nikamwambia, "Mama, wewe unajua alipo?" Hakujibu. Aliikunjua ile kanga iliyokuwa imekwisha kukunjwa, akaikunja upya, akailainisha kwa kiganja. Akasema, "Kujua, sijui. Nimemkabidhi."

Hakupewa stakabadhi. Wewe karani unaelewa uzito wa neno hilo. Mkulima akiuacha mzigo wake ghalani anaondoka na karatasi mkononi, na karatasi hiyo ikipotea hapati usingizi. Mama alikabidhi bila karatasi. Mimi nilikabidhi nyuma yake, si siku ile, ilinichukua karibu mwaka mzima, na kuna usiku niliichukua tena amana yangu. Hadi leo ukiniuliza kama najua, jibu langu ni lake.

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba huyo Huxley naye alifiwa. Mwanawe Noel, ambaye alikuwa hajatimiza miaka minne, alikufa Septemba 1860 kwa homa ya vipele vyekundu. Rafiki yake Charles Kingsley, kasisi wa Kianglikana, alimwandikia kumfariji kwa habari za uzima baada ya kifo. Huxley akamjibu kwa barua ndefu, na ndani yake akasema kwamba yeye hakani wala hathibitishi kutokufa kwa mwanadamu: haoni sababu ya kuliamini jambo hilo, wala hana njia ya kulikanusha. Aliandika hivyo kaburi la mtoto bado bichi. Nilipoisoma nililia, nikamwona ni mzazi mwenzangu. Yeye na mama yangu, mmoja profesa London, mwingine hakuwahi kushika kalamu, walikuwa na ujuzi sawasawa. Mama alikabidhi. Huxley hakuona njia ya kukabidhi bila kujidanganya, na mimi siwezi kumlaumu kwa hilo.

Sasa shahada. Swali lako hili ni zito kuliko la kwanza, na wanaoitamka kila siku bila kulifikiria wangekushukuru. Ni kweli: *ash-hadu* ni "nashuhudia", haikuja kwa neno la "nadhani". Na sitakuficha kwamba wanazuoni wanaidai yakini katika shahada, wanasema shaka iliyokaa moyoni na kuridhiwa inaiharibu. Hukumu ya hilo kaitafute kwa sheikh unayemheshimu. Mimi si mufti.

Ila usiende kwake ukidhani wewe ndiye wa kwanza kuja na mzigo huo. Katika Suratul Baqara, aya ya 260, Nabii Ibrahimu anamwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyowafufua wafu. Anaulizwa, huamini? Anajibu kwamba anaamini, lakini ili moyo wake utulie. Huyo ni Ibrahimu. Anaamini, na bado kuna kitu anakitaka ambacho kuamini hakujampa. Hakukemewa, aliambiwa achukue ndege wanne. Na Masahaba walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamlalamikia kwamba yanawajia mawazo nafsini ambayo hata kuyatamka wanaona ni makubwa mno. Akawaambia hiyo ndiyo imani ya wazi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza mwenyewe kwamba kwa karibu miezi miwili alishikwa na shaka hata akaacha kuamini macho yake. Anatoa mfano wa kivuli: ukikitazama kimesimama, lakini ukirudi baada ya saa moja kimehama, kwa hiyo jicho lilisema uongo. (Mfano huo niliutumia uwanjani na wanafunzi, kwa kijiti na chaki, bila kuwaambia ni wa nani.) Na anasema kilichomtoa humo hakikuwa hoja aliyoipanga, ni nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake.

Qurani inaitaja yakini kwa namna tatu, na walimu wa chuo huzieleza kwa moto: kuambiwa kwamba kuna moto, kuuona moto, na kuungua. Wengi wetu tunaoitamka shahada tumeambiwa. Tuliambiwa na watu tuliowaamini, nao waliambiwa. Ninapoitamka mimi sijifanyi nimeona. Ninasimama hadharani na kusema nimejikabidhi wapi, na nani aniulize nikikhalifu. Huo ndio ufahamu wangu wa neno "nashuhudia", na sheikh akikuambia haukutosha, msikilize, kisha upime.

Lililobaki unalijua wewe peke yako. Unaposema "sijui", je, moyo wako ungali unamwelekea huyo usiyemjua, au umekwisha kuondoka na umebakiza adabu tu mbele ya mama? Kama ungali unaelekea, basi una shaka ya mtu aliye ndani ya nyumba, nenda kwa sheikh na useme yote. Kama umeondoka, usitamke kwa ajili ya pilau. Kuna ndoa ya bomani, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua sawa na ya msikitini na ya kanisani. Nitasikitika, kwa sababu nami ni mama, lakini nitasikitika zaidi ukisimama mbele ya watu na kushuhudia uongo.

Vyovyote iwavyo, mchumba wako aambiwe kabla mahari haijapelekwa. Usimwandikie ujumbe. Nenda, mkae, umweleze kama ulivyonieleza. Yeye ndiye anayekukabidhi maisha yake, na hata wewe hujui mambo mengi juu yake, utamwamini tu.

Mjomba wako alikosea. Mtume amelionya jambo hilo kwa ukali: mtu akimwita ndugu yake kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Mkumbushe, ila kwa heshima, na awepo mzee mwingine. Na wewe nawe ulikosea mahali pa kusemea. Watu walikuwa wametoka makaburini, mchanga ungali miguuni, mwenye msiba yuko pale anategemea kila "amina" inayopatikana. Ungeweza kuitikia amina kwa ajili ya uchungu wa jirani bila kudai kujua lolote. Mama usimpelekee neno uagnostiki, litamtisha bure. Mwambie, "Mama, sijakana. Natafuta. Niombee." Akikuombea, kaa hapohapo mpaka amalize.

SWALI

Shikamoo Bibi Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Lindi. Tumefundishwa kwamba dinosaria wa Tendaguru waliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Hakuna binadamu aliyewaona. Mungu naye hatujamwona. Kwa nini la kwanza linaitwa ujuzi na la pili linaitwa imani? Huu si upendeleo?

Mwanafunzi, Lindi

JIBU

Marahaba mjukuu wangu. Swali lako lingenifurahisha wakati bado nashika chaki.

Si upendeleo, na uzuri ni kwamba ushahidi wake ulipita hapohapo mjini kwenu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, ndani ya mkoa wako. Waliochimba hasa ni watu wa kwetu, na waliobeba ni hao hao, mifupa imefungwa vizuri, vichwani, kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200. Leo mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13. Siandiki haya bila uchungu. Babu za babu zenu waliubeba mzigo huo na wengi wao hawakuambiwa wamebeba nini.

Sasa tazama ujuzi unavyoishi. Mnyama yule aliitwa Brachiosaurus, wakidhani ni wa jamii moja na aliyepatikana Marekani. Miaka mingi ikapita, kila kitabu kikaandika hivyo. Mwaka 2009 mtaalamu mmoja akailinganisha mifupa mfupa kwa mfupa akaonyesha kwamba tofauti ni nyingi mno, na sasa wengi wanamwita Giraffatitan. Kitabu kilikosea, mfupa ukakisahihisha. Hakuna aliyemwona akiwa hai, ni kweli, lakini yeyote mwenye macho anaweza kwenda kuutazama mfupa uleule na kusema, "Hapana, hapa mmekosea." Kujua maana yake ni kwamba umekubali kitu fulani kikionekana kesho utafuta ulichoandika leo.

Sasa muulize muumini: ni kitu gani kikionekana kesho utaacha kuamini? Wapo watakaokutajia. Mimi sina cha kukutajia, na nimejichunguza. Kama imani yangu ingekuwa makisio ya kibaiolojia yanayongoja kupimwa, ingekufa siku niliyomzika mwanangu, kwa sababu siku hiyo kipimo kilitoka vibaya. Haikufa. Kwa hiyo ni kitu cha namna nyingine, na si haki niingie nacho maabara nikakiita ujuzi. Wala si haki mtu wa maabara anidai mfupa.

Ila nikuonye na upande wa pili, maana najua kidato cha sita kinavyolewesha. Usiseme "hakuna ushahidi, basi hayupo", ukadhani umemaliza. Samaki silikanti wanasayansi walimhesabu ametoweka pamoja na dinosaria. Mwaka 1938 akapatikana Afrika Kusini, mbichi. Na mwaka 2003 akaingia kwenye nyavu za wavuvi wa Songo Mnara, huko Kilwa, mkoani kwako. Miaka yote hiyo alikuwepo, nyavu ndizo zilikuwa hazijafika alipo. Lakini usije ukamtumia silikanti kama hoja ya Mungu, kama nilivyomsikia mhubiri mmoja sokoni. Silikanti ni samaki. Alikuwa na mahali, alikuwa na kina cha maji, na wavu wa kutosha ungemfikia. Wavu wa namna hiyo kwa Mungu haujulikani, na wanaoabudu wanasema hautakuwepo.

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Ninakusoma kila toleo na ninakuheshimu. Lakini katika toleo lililopita uliandika kwamba mwamini anaweza kusema "sijui". Waebrania 11:1 inasema, "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." Hakika na bayana! Huoni unawalegeza vijana wetu?

Katekista, Masasi

JIBU

Milele, amina, ndugu yangu Katekista. Nimekua na watu wa kwenu, bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmakua, Mungu akimwita Muluku, na nyumba yetu ilikuwa na Waislamu na Wakristo waliokula sahani moja. Kwa hiyo usiniogope.

Mstari uliouleta una nusu mbili na wewe umeishika ya kwanza kwa nguvu. Hakika, ndiyo. Lakini hakika ya nini? Ya mambo yatarajiwayo, yasiyoonekana. Hakika hiyo ni ya moyo uliotulia mahali ulipojiweka, wala mwandishi hadai kwamba ameona. Na Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kwa sasa tunaona kwa kioo, kwa jinsi ya fumbo. Sidhani aliwalegeza.

Kijana anayelegea, kwa nilivyowaona wengi katika miaka yangu ya kufundisha, si yule aliyeruhusiwa kusema "sijui". Ni yule aliyelazimishwa kusema "najua" akiwa na miaka kumi na mitano. Anafika chuoni, mwenzake anamwuliza swali moja tu, "umejuaje?", na kwa kuwa hajui anadhani imani yote imekwisha. Aliwekewa mzigo ambao dini yake haikumwekea.

Katika Injili ya Marko, sura ya 9, yuko baba aliyemleta mwanawe mgonjwa. Akalia: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hakuambiwa arudi nyumbani kwanza akaiondoe ile nusu ya pili. Mwanawe alishikwa mkono, akainuliwa, akasimama.

Maneno hayo niliyasikia mara ya kwanza alfajiri ile ya mwaka 1987, kutoka kwa muuguzi mmoja Mkristo aliyekaa nasi. Wangu hakusimama. Muuguzi alikuwa amenipa mgongo, anafunga dirisha kwa sababu upepo ulikuwa unapeperusha shuka, akayasema chini kwa chini, mara mbili. Hakuwa ananihubiria. Nadhani hakujua kwamba nasikia.